Batri inasingiziwa: somo la kutafuta kosa kwenye viungo



Hapa Nyakasanza ni nani asiye na batri? Mama anayeuza mandazi jioni kando ya barabara ana taa yenye batri ndani. Mmotari ana batri chini ya kiti. Nyumba nyingi ziko na pano ya jua juu ya mabati, na chini, katika kona ya sebule, iko batri kubwa imefunikwa kitambaa kama mgonjwa. Sisi wafinalisti tunasoma kwa taa hizo hizo, maana Exetat haingoji mtu. Basi siku kitu kinapokataa, neno la kwanza la kila mmoja ni hili: "Batri imekufa." Pesa inatoka, batri nyingine inanunuliwa, na kisha siku chache hata ile mpya nayo "inakufa".

Somo letu la leo ni kwamba batri inasingiziwa sana. Kabla ya kuihukumu, tazama kwanza pale inaposhikana na waya: kosi, fishi, prizi, visi na bulone. Kosi ni kile chuma kinachokumbatia kichwa cha batri. Fishi ndiyo inayoingia, prizi ndiyo inayopokea. Vyote hivyo nitaviita viungo. Kiungo ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi, na nadhani ndiyo sababu hakuna anayekitazama.

Tukumbuke ile sheria iliyo katika kila daftari la fizikia: U = R × I. Georg Ohm, Mjerumani, aliyekuwa amefundisha shule ya sekondari miaka mingi katika mji wa Köln, aliitoa katika kitabu mwaka 1827. Wengi wetu tunaijua kwa ajili ya mtihani tu. Tunaandika, tunapata pointi, imekwisha. Lakini mtu akiielewa vizuri sheria hii anaweza kutafuta kosa kuliko mafundi wengi wanaobeba koleo mfukoni.

Vyuma viwili vikigusana, jicho linaona kwamba vimeshikana pote. Sivyo. Hata chuma laini kina milima na mabonde madogo sana, na vyuma hivyo vinagusana kwenye vilele vya milima tu. Kutu ikiingia, vumbi likiingia, bulone ikilegea, vilele vinapungua. Fikirini mlango wa kanisa siku ya Jumapili, na ubao mmoja wa mlango umefungwa. Watu watano wakitoka, hakuna anayeona shida. Watu mia tano wakitaka kutoka pamoja, ni msongamano, ni joto, na wengine wanarudi nyuma. Ndivyo moto wa batri unavyopita katika kiungo kibaya.

Tufanye hesabu. Tuseme kiungo kichafu kina ukinzani wa 0,1 ohm, yaani kidogo sana. Radio ndogo inayokula ampere 0,1 inapoteza hapo 0,1 × 0,1 = 0,01 volti. Utasikiliza Radio Candip au Radio Okapi toka asubuhi hadi usiku bila kujua kitu. Taa za LED zinazokula ampere 2,5 zinapoteza volti 0,25. Hapo pia hakuna anayeona. Sasa njoo kwa demareri ya pikipiki. Ikitaka ampere 40, kiungo kile kile kinakula volti 4. Batri ilikuwa na 12, zinabaki 8, na demareri inalia tak-tak tu.

Mnaona udanganyifu wake? Mtu anawasha taa ya pikipiki, inawaka vizuri, anasema: "Waya ni mzima, moto unafika." Anabonyeza demareri, inakataa, anasema: "Basi batri imekufa." Maneno yote mawili yametoka haraka. Kitu kinachokula kidogo kinasamehe kiungo kibaya, kinachokula sana hakisamehe. Kwa hiyo taa kuwaka haionyeshi bado kwamba kiungo ni kizuri.

Jambo hili tuliliona hapa shuleni katika muhula wa pili. Mnajua kwamba chumba chetu cha kusomea kina batri moja ya volti 12, na taa sita. Batri hiyo hiyo inalisha pia konvertisa, ile mashine inayogeuza moto wa 12 kuwa 220 kwa ajili ya ordinateri na mashine ya kuchapa. Taa zilikuwa zinawaka hadi saa nne za usiku, hakuna shida. Lakini mashine ya kuchapa ikianza tu, konvertisa inalia pii-pii, inazimika. Fundi mmoja wa mjini aliitwa. Alisikia mlio, hakupima kitu, akasema batri ni ya kutupa. Mchango ukaanza kuhesabiwa kwa kila mwanafunzi, na wote tunajua kwamba kati yetu wako wenzetu ambao hata minervali haijaisha.

Mwalimu wetu wa fizikia akaomba siku moja. Alituita watu wanne, tukaja na multimeta ya labo. Kwanza tulipima batri ikiwa imepumzika: volti 12,5. Hapo tayari ni habari, maana batri ya risasi na asidi iliyojaa inaonyesha 12,6 au 12,7 ikipumzika, na ikikaribia kuisha inaonyesha 12,0 hivi. Yetu haikuwa tupu. Lakini kupima batri iliyopumzika hakutoshi, kwa sababu bila ampere kupita kiungo hakipotezi kitu. Mlango uliofungwa nusu hauonekani kama hakuna anayetoka.

Basi tukawasha konvertisa na ordinateri na mashine, jumla karibu ampere 20, tukapima haraka kabla haijazimika. Juu ya vichwa vya batri vyenyewe: 12,2. Kwenye mlango wa konvertisa: 10,2. Konvertisa yetu inazimika ikiona chini ya 10,5. Haikuwa na kosa, ilisema ilichoona. Volti 2 zilipotelea wapi katika njia ya mita moja? Mwalimu akaweka ncha moja ya multimeta kwenye risasi ya kichwa cha +, na ncha nyingine kwenye kosi iliyokikumbatia. Vitu viwili vinavyogusana! Ilitakiwa kuonyesha karibu sifuri. Ilionyesha 1,7.

Tazameni na joto lake. Nguvu inayopotea ni U × I, yaani 1,7 × 20 = wati 34. Hiyo ni sawa na feri ya kulehemu iliyowekwa juu ya kichwa cha batri. Ndiyo sababu plastiki ya waya ilikuwa imelainika na kuwa nyeusi pale, jambo ambalo wote tulikuwa tumeliona na hakuna aliyeuliza. Tulipofungua tukakuta kosi ilikuwa pana kuliko kichwa, na mtu alikuwa ametia katikati kipande cha mkebe wa tomati ili ikaze. Mkebe ule ulikuwa kutu tupu. Tukautoa, tukasugua kichwa kwa msasa hadi risasi ikang'aa, tukafunga kosi ya kipimo chake. Kipimo cha pili: 0,03. Mchango ukafutwa. Karatasi hii unayoisoma imetolewa na mashine ile ile, kwa batri ile ile.

Wadogo wetu wa darasa la saba watauliza: na vigari vyetu je? Vigari vinavyoongozwa kwa telekomande vimekuwa vingi siku hizi, mjomba akitoka Kampala hakosi kuleta kimoja. Msidhani ni mchezo wa watoto tu. Chombo cha kwanza kuongozwa kwa radio mbele ya watu kilikuwa mashua ndogo ya Nikola Tesla, iliyoonyeshwa New York mwaka 1898, na ndani yake zilikuwa batri. Katika nchi yetu, mwaka 2013, watu wa Kinshasa waliona maroboti ya kuongoza magari barabarani, kazi ya injinia Thérèse Izay na wenzake, nayo yanakula moto wa jua. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule MONUSCO ilianza kurusha ndege zisizo na rubani kutoka Goma. Ndege zile zina injini ya mafuta, lakini hata ndani yake ziko waya na fishi. Ukubwa unatofautiana, ila U = R × I haibadiliki.

Ugonjwa wa kigari unajulikana. Ukikishika mkononi, magurudumu yanazunguka vizuri sana. Ukikiweka chini na kukikimbiza, kinaruka kidogo, kinasimama, kinangoja, kinaanza tena. Watoto wanasema telekomande haishiki, wanabadilisha mawe ya telekomande, wanasogea karibu, bure. Sababu ni ile ile. Magurudumu yakiwa hewani mota inakula kidogo. Yakiwa chini, yenye mzigo, inakula mara nyingi zaidi, na zaidi ya yote wakati wa kuondoka. Kiungo kibaya kinapoteza volti, na kile kisanduku cha kupokea radio, ambacho kinahitaji volti zake ili kufikiri, kinazimika kwa sekunde moja. Kikizimika mota inasimama. Mota ikisimama volti zinarudi, kisanduku kinaamka, kinapokea amri, mota inaondoka, na mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo kigari kikienda hewani na kukataa chini, acheni telekomande, tazameni kwanza fishi ya batri. Ikiwa fishi ni safi na inakaza, hapo ndipo tutasema batri yenyewe imechoka.

Fishi nyeupe za plastiki za vigari vya zamani, zile zinazoitwa Tamiya, ziko na mirija midogo ya chuma ndani. Kila ukichomoa na kuchomeka, mrija unapanuka kidogo. Kisha mwezi mmoja unashika kwa upande mmoja tu. Dawa yake ni ndogo: batri ikiwa imechomolewa, na kwa uangalifu ncha isiguse + na − pamoja, bana mrija kidogo kwa ncha ya sindano nene mpaka ukaze. Ukiona plastiki imegeuka rangi ya chai, usibane, badilisha fishi. Vigari vyenye nguvu vinatumia fishi za njano zinazoitwa XT60, ambazo zimelehemiwa. Huko kosa linakuwa kwenye bati la kulehemu: likiwa na rangi ya majivu na nyufa, waya unaonekana umeshika na kumbe umelala juu tu.

Na kwa wale wanaobadilisha fishi ya batri ya lithiamu, sikilizeni vizuri sana. Batri ina moto ndani yake hata ikiwa haikuchomekwa popote. Usikate waya mbili pamoja kwa mkasi mmoja. Mkasi ni chuma, utaunganisha + na −, na batri itatoa ampere zake zote kwa mara moja. Kata mmoja, ulehemu, ufunike kwa plastiki, ndipo ukate wa pili. Upande wa batri unapewa fishi ambayo chuma chake kimefichwa ndani, ili isigusane na funguo mfukoni. Batri ya lithiamu iliyovimba kama mkate uliochacha haichajiwi tena hata mara moja, na haichomwi sindano "ili hewa itoke". Nimesikia mtu anasema hivyo. Apana! Inawaka moto wa kweli, moto wa kuunguza nyumba.

Rangi pia zinadanganya. Nyekundu ni +, nyeusi ni −, lakini fundi wa njiani akikosa nyekundu anatumia alichonacho. Pima kwa multimeta kabla ya kuchomeka. Kigeuzo cha + na − kinaua kisanduku cha kupokea, na hata konvertisa, katika muda mfupi kuliko kusema "samahani".

Tuje kwenye unga. Wengi wameona unga mweupe au wa kijani-buluu kwenye vichwa vya batri ya gari au pikipiki. Hiyo ni kazi ya asidi ya batri ikila risasi na shaba. Hapa kemia inatusaidia: asidi tunaizima kwa kitu cha upande wa pili, bikarbonati, ile ya kuumulia mandazi. Kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya moto, unamwagia kidogo, povu linatoka, ukisha unasuuza na kukausha. Vifuniko vya batri viwe vimefungwa, maana bikarbonati ikiingia ndani inaharibu asidi ambayo batri inahitaji. Lakini unga mweupe ndani ya tochi au telekomande iliyotiwa mawe yaliyoandikwa "alkaline" si asidi. Ni kinyume chake kabisa. Hapo bikarbonati haifanyi kitu, tumia maji ya limao au siki kidogo kwenye pamba. Unga mmoja kwa jicho, dawa mbili. Baada ya kusafisha na kukaza, paka Vaselini kidogo juu ya kiungo ili hewa na maji visirudi. Nasema baada ya kukaza, si kabla.

Kuhusu mawe ya radio kuanikwa juani, wazee hawakudanganya kabisa. Joto linayaamsha kidogo kwa muda. Ila mara nyingi kilichosaidia ni kuyatoa na kuyarudisha, maana ncha zake zimesuguana na bati la radio na kutu imekwanguka. Jaribu siku moja kuyazungusha tu pale pale kwa kidole bila kuyaanika, utaniambia.

Anayefungua batri ya pikipiki au ya gari aanze na −, na akirudisha amalize na −. Sababu gani? Mwili wote wa pikipiki umeunganishwa na −. Ukianza na + na ufunguo wako wa chuma ukagusa mwili, umefanya njia fupi, cheche inaruka, na batri iliyotoka kuchajiwa ina hewa ya hidrojeni juu yake. Hidrojeni na cheche, sihitaji kueleza. Ukianza na −, ufunguo ukigusa mwili hakuna kinachotokea.

Kwa wenye pano ya jua: fishi nyeusi za nyuma ya pano, zinazoitwa MC4, zisichomolewe wakati jua liko kali na moto unapita. Moto wa pano hauzimiki peke yake kama ule wa 220, cheche yake inaendelea na kuyeyusha fishi. Funika pano kwa blanketi kwanza, au ngoja jioni. Na waya mnaonunua sokoni, kwangueni ncha yake kwa wembe. Ikiwa nje ni nyekundu na ndani ni nyeupe, ni aluminiumu iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu, na ukiushikanisha na shaba mahali penye unyevu, kiungo kinaliwa haraka. Muuzaji hatakwambia.

Asiye na multimeta asikate tamaa. Washa kitu kinachokula sana, acha dakika kumi, zima, kisha pitisha kidole polepole toka batri hadi mwisho wa waya, ukigusa juu ya plastiki. Mahali penye joto kuliko pengine ndipo volti zinapopotelea. Au kitu kikiwa kimewaka, tikisa kila kiungo kimoja kimoja. Taa ikipepesa, umelipata kosa. Anza kwenye batri, usirukeruke, maana anayeruka ndiye anayerudi mara tatu.

Multimeta ya labo itakuwa mbele ya chumba cha fizikia kila Jumamosi baada ya usafi, toka saa nne hadi saa sita. Leteni taa, radio, vigari. Batri ya pikipiki muiache nyumbani, leteni kosi yake tu. Majina yanaandikwa kwangu kufikia Ijumaa jioni, watu kumi kwa siku, na wafinalisti hawapiti mbele ya wadogo.

Kiongozi wa wanafunzi, mfinalisti